Siku Moja Tu

Sista Kabula ana kalamu ya bluu na subira ya mrina asali.
Anavuta kiti karibu na kitanda changu, hapa Kitete,
anasema: Nyamizi, nitajie siku moja.
Moja tu. Iwe na saa, iwe na mtu, iwe na hali ya hewa.

Nasema: Mama hupika mapema.
Nasema: Shangazi Ngole husema nimerogwa.
Nasema: mimi husogeza sahani, na paka wa jirani hunenepa.

Hiyo si siku, anasema.
Hiyo ni desturi.

Akaniacha na kiambishi kimoja mdomoni.
Hu.
Mwalimu Lugembe alitufundisha pale Isevya,
chaki ikimdondokea kwenye viatu:
hu haina nafsi, hu haibebi wakati.
Mimi hula, wewe hula, wao hula,
na hakuna anayeonekana akitafuna.
Badili irabu ya mwisho, moja tu,
unamsikia mama mlangoni:
Huli?

Miaka minne nimepanga chumba ndani ya silabi hiyo.
Haina dirisha.

Usidhani nimesahau. Namba ninazo.
Vijiko vya pilau ya Idi ya mwaka juzi,
hatua za kutoka Cheyo hadi sokoni, na kurudi, na kwenda tena,
matundu ya mkanda, na lile nililotoboa mwenyewe
kwa msumari wa moto.
Mizani ya zahanati niulize, nitakusomea bila kitabu.
Ila nani alikaa kushoto kwangu penye pilau ile,
alicheka nini, alivaa nini,
hapo pamefagiliwa.
Zimebaki alama za ufagio.

Watu hudhani njaa huanza na mashavu.
Yangu ilianza na Jumanne.
Ikaila na maganda yake,
ikafuata Ijumaa, ikafuata likizo nzima ya Disemba,
na mimi nikijisifu kwamba sijagusa kitu.

Leo alasiri treni ya Mpanda imepiga honi,
ndefu, kama mtu anayeita bila kujua jina,
na nimesema, bila kujiandaa:
Tulilala stesheni.

Tu-li-lala.
Sista akainua kalamu, hakuandika.

Ulikuwa mwezi wa saba. Mimi darasa la nne.
Treni ilikuwa ije saa tatu usiku, haikuja.
Baridi ilitupasua midomo.
Ndala moja ya Kalunde ilitumbukia relini
na mama akamkataza kuilia.
Bibi mmoja, hatumjui, anakwenda Kaliua na kuku wawili,
alifungua fundo la kitenge:
matobolwa.
Magumu kama kokoto za reli.
Unaliweka shavuni, unasubiri,
linalegea polepole, mpaka linakubali kuwa sukari.

Nilikula.

Sista akauliza, yalikuwa mangapi?
Au hakuuliza. Labda ni mimi, ninavyojijua.
Nimehesabu tangu magharibi, kwa vidole, kwa mbao za dari.
Matano? Kalunde alinipa lake, au nilimnyang'anya?
Sijui.
Narudia neno hilo kimoyomoyo,
sijui, sijui,
na halinitishi kama nilivyotegemea.

Ndala ilikuwa ya kijani.
Au ya kijani ni ya siku nyingine,
na kama ni hivyo, basi
kuna siku nyingine.

Sista hakupiga makofi. Aliandika mstari mmoja,
akasukuma kikombe kidogo upande wangu, akaenda zamu.
Uji umefanya utando.
Sijamwahidi mtu chochote.
Nawaza tu kuhusu yule bibi,
kwamba aliteremka Kaliua saa ngapi,
na kama kuku wake
walifika wote wawili.